Nyumba ya Wengi Nayo Huugua

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya mgonjwa ambaye haletwi hospitali. Hapimwi joto wala damu, na kadi ya kliniki hana. Mgonjwa huyo ni nyumba, hasa ile nyumba ya zamani inayokaliwa na familia nyingi chini ya paa moja.

Tulifahamiana naye hivi. Msimu mmoja wa mvua, mtoto wa miaka 3 aliletwa kwetu mara 4 kutoka nyumba moja mjini Nachingwea. Mara ya kwanza alikuwa na malaria. Mara ya pili na ya tatu aliharisha. Mara ya nne alikuja na kikohozi kilichombana kifua. Kila mara tulimtibu akapona, akarudi nyumbani, na huko huko nyumbani akaugua tena. Mama yake akatuuliza, "Nesi, hivi mwanangu ana tatizo gani?" Tukamwambia tutamjibu tukishaona anapolala.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda. Ilikuwa nyumba ya vyumba 6, korido katikati, ua nyuma, na choo kimoja uani. Aliyeijenga amekwisha fariki, na watoto wake watatu waligawana vyumba viwili viwili. Mmoja anaishi humo na mama yao mzee. Wa pili amepangisha. Wa tatu yuko Dar es Salaam, na vyumba vyake vina wapangaji pia. Kwa jumla tulikuta familia 5.

Tulizunguka nyumba yote. Tuliona dari yenye madoa meusi ya unyevu, dirisha lililozibwa kwa bati, na shimo la choo lenye mfuniko uliovunjika. Tuliandika ushauri wetu juu ya choo, mbu na maji ya kunywa, tukauacha. Mlango wa kutokea uani ulikuwa na ngazi tatu za saruji, na ya katikati ilikuwa imevunjika. Watu wote wa nyumba ile walizoea kuiruka. Siku ile nasi tuliiruka, kwenda na kurudi, wala hatukuiandika.

Miezi miwili baadaye bibi wa nyumba ile aliletwa hospitali alfajiri. Alikuwa ameamka usiku kwenda chooni, mvua inanyesha, akakanyaga ngazi ile akaanguka. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika.

Tunaandika makala hii kwa sababu ya ngazi ile. Kuitengeneza kungetumia nusu mfuko wa saruji na asubuhi moja ya fundi. Waliokosa si wazembe. Ni watu wema, wasafi, kila mmoja anafagia mlango wake. Lakini ngazi ilikuwa ya wote, na kwa hiyo haikuwa na mwenyewe.

Majengo yetu yamezeeka

Wazee wa Nachingwea wanakumbuka namna mji wao ulivyokua. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, sehemu za Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Zilijengwa nyumba za watumishi, maghala, bandari ya Mtwara na reli ya kuja huku. Mwaka 1951 mpango ulisimamishwa kwa hasara kubwa. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa kata ya Stesheni bado inabeba jina lake. Majengo yalibaki. Baadhi yamegawanywa na kugawanywa tena, hata nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja sasa inahifadhi tatu au nne.

Ruangwa ilikua baadaye, hasa baada ya kuwa wilaya katika miaka ya 1990, na wageni wameongezeka kwa sababu ya madini na biashara ya korosho. Nyumba za korido zilizojengwa kwa haraka wakati ule nazo sasa ni za watu wazima. Bati lililoezekwa miaka 25 iliyopita limeshika kutu, na saruji iliyochanganywa kwa kubana matumizi imeanza kuachia.

Nyumba ya namna hii si mbaya. Wengi wetu tumekulia humo, na jirani wa ukuta mmoja ni msaada mkubwa usiku wa uchungu wa kuzaa au wa homa ya mtoto. Ila inahitaji matunzo ya namna yake, kwa sababu ugonjwa wa chumba kimoja hauishii katika chumba kile.

Kwa nini cha wote huharibika upesi

Tulipokaa na wakazi wa nyumba ile tuligundua jambo moja. Kila familia ilikuwa imetumia fedha kwa chumba chake. Mmoja alipaka rangi, mwingine alitandika zulia la plastiki, wa tatu aliweka mlango mpya wenye kitasa kizuri. Lakini paa, korido, choo, ngazi, mfereji wa maji machafu na waya za umeme zinazopita darini hakuna aliyevigusa. Mpangaji alisema ni kazi ya mwenye nyumba. Mrithi mmoja alisema chumba chake hakivuji. Mwingine alisema hawezi kutengeneza paa ambalo ndugu zake watalala chini yake bure.

Tatizo hili halichagui tajiri wala maskini. Huko Marekani, katika mji wa Surfside, jimbo la Florida, palikuwa na jengo la ghorofa 12 lililojengwa mwaka 1981, ambamo kila familia ilimiliki makazi yake. Mwaka 2018 mhandisi aliwaandikia wamiliki kwamba maji hayatoki vizuri kwenye sakafu ya nje, karibu na bwawa la kuogelea, na kwamba zege linaharibika. Gharama ilikuwa kubwa. Vikao vikawa virefu, watu wakabishana nani alipe, na baadhi ya wajumbe wa kamati wakajiuzulu. Usiku wa tarehe 24 Juni 2021, kazi kubwa ya kurekebisha ikiwa bado haijaanza, sehemu ya jengo ilianguka watu wakiwa wamelala. Walikufa watu 98.

Hapa kwetu nako tumelia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilianguka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Kila tukio lina sababu zake, nasi si wahandisi wa kuzieleza. Tunalotaka kusema ni kwamba nyufa, maji na kelele za mbao hazisubiri watu wamalize ubishi.

Wale wenye watoto wanaonunua makazi katika maghorofa ya Dar es Salaam wajue kwamba tangu mwaka 2008 nchi yetu ina sheria inayomruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo. Ngazi, paa, msingi na mabomba ya pamoja hubaki kuwa mali ya wamiliki wote, nao huunda chama chao na kuchangia matunzo. Nyumba ya urithi ya Nachingwea haina chama cha namna hiyo, lakini inaweza kujifunza kutoka humo, kama tutakavyoona.

Magonjwa yanayotoka katika nyumba

Tuanze na paa. Tundu dogo la msumari huingiza maji darini. Maji hayaanguki palepale. Hutembea juu ya mbao na kutokea chumba cha tatu au cha nne. Mbao huoza, mchwa hukaribishwa, ukuta hunyonya unyevu na kuota ukungu. Mtoto anayelala katika chumba chenye ukungu hukohoa mara kwa mara, na mwenye pumu hubanwa zaidi. Maji hayo yakikutana na waya za umeme, hatari huwa kubwa kuliko kikohozi.

Pili, sakafu. Sakafu ya udongo, au ya saruji iliyobomoka, huficha funza na mayai ya minyoo. Katika baadhi ya sehemu za nchi, kama mkoa wa Dodoma, nyufa za nyumba za udongo huficha pia papasi, ambao huleta homa ya papasi. Nchini Meksiko, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kusaidia familia maskini kuweka sakafu ya saruji. Watafiti walipolinganisha watoto waliona kuhara kumepungua kwa karibu nusu, na minyoo zaidi ya hapo. Mtoto anayetambaa hushika sakafu kisha hutia mkono mdomoni, basi sakafu nzuri ni sawa na kumnawisha.

Tatu, choo. Shimo lenye mfuniko uliovunjika huzalisha nzi wa kuhara. Huzalisha pia yule mbu anayependa maji machafu, ambaye hueneza matende na mabusha, magonjwa yaliyoitesa mikoa ya pwani kama Lindi na Mtwara kwa muda mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, wataalamu walimwaga punje nyepesi za plastiki, mfano wa zile za maboksi meupe ya samaki, juu ya maji ya mashimo ya vyoo. Punje zilielea zikaziba uso wa maji, mbu wakakosa mahali pa kuzaliana. Pamoja na dawa ambazo wananchi walimeza, ugonjwa ulipungua sana. Sisi hatuna haja ya kusubiri punje. Mfuniko mzima, na wavu kwenye bomba la hewa, vitafanya kazi kubwa. Na kisima kikae mbali na shimo la choo, kwa desturi mita 30 au zaidi, tena upande wa juu wa mteremko.

Nne, hewa. Nyumba inapogawanywa ili kupata chumba kimoja zaidi, mara nyingi dirisha ndilo hupotea. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na chumba kisichopitisha hewa ni rafiki yake. Aidha, moshi wa jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa una hewa yenye sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua watu usingizini. Dirisha la mtu likizibwa na chumba kipya cha jirani, suala hilo ni la afya, lisiachwe kama ugomvi wa mipaka tu. Dirisha na uwazi wa chini ya paa vikiwekwa wavu, hewa huingia na mbu wa malaria hubaki nje.

Tano, umeme. Nyumba iliyofungwa waya kwa taa sita sasa inabeba friji, pasi, televisheni na simu kumi. Swichi inayopata moto, harufu ya plastiki kuungua, au fyuzi iliyofungwa kwa waya wa kawaida ni dalili za hatari. Aitwe fundi wa umeme anayetambulika, asiitwe kijana wa jirani anayejua kuunganisha tu.

Sita, ngazi na njia. Hapa ndipo tulipokosea. Mtu mzee akivunjika nyonga, mfupa si tatizo pekee. Akilala muda mrefu hupata vidonda vya mgongoni, damu huweza kuganda miguuni, na homa ya mapafu humwingia. Wengi hawarudii kutembea kama zamani. Ngazi iwe na vipimo sawa, iwe na mahali pa kushika mkono, na taa iwake usiku. Mama mjamzito, mlemavu na mtoto nao watanufaika.

Ukarabati nao una hatari zake

Baadhi ya watu huharibu afya yao siku ile ile wanapotengeneza nyumba. Tafadhali tuzingatie haya.

Majengo ya zamani ya taasisi, na nyumba chache za watu, yana mapaa ya asbesto, yale ya kijivu yanayofanana na saruji nyembamba yenye mikunjo. Yakiwa mazima na hayaguswi, hatari yake ni ndogo. Yakivunjwa, yakikatwa kwa msumeno au yakisuguliwa makavu, hutoa vumbi lenye nyuzi ndogo zisizoonekana. Nyuzi hizo zikiingia mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka 20, 30 au zaidi, fundi akiwa amekwisha sahau kazi ile. Msiyavunje wenyewe, wala msiyatumie vipande vyake kuzibia banda la kuku au kufunikia chakula. Ombeni ushauri kwa mhandisi wa halmashauri au afisa afya kabla ya kuanza.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Ikikwanguliwa kavu, vumbi lake huingia kwa watoto na kudhuru ubongo wao unaokua. Loweshe ukuta kwanza, watoto na wajawazito wakae mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa.

Mavi ya popo na panya darini yasifagiliwe makavu. Yanyunyiziwe maji, na anayeyaondoa afunike pua na mdomo vizuri, avae glavu, kisha anawe kwa sabuni.

Ukuta wa matofali ya udongo usikimbiliwe kupigwa plasta nzito ya saruji. Saruji ni ngumu, udongo ni laini. Vikipishana katika joto na unyevu, plasta huachana na ukuta, maji hubaki katikati, na ukuta hulika kwa ndani huku nje unang'aa. Kwanza zuia maji yasifike ukutani: rekebisha paa, weka gata, chimba mfereji kuzunguka msingi. Kisha ongea na fundi anayezijua nyumba za udongo.

Na ufa je? Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mara nyingi si wa kutisha. Lakini ufa unaopita ukuta mzima, unaopanda kama ngazi kufuata matofali, au ambao mlango karibu nao umeanza kukwama, huo uangaliwe na mtaalamu. Andika tarehe kwa penseli mwisho wa ufa. Baada ya mwezi mmoja tazama kama umevuka alama. Ukuta ukianza kuinama, au ukisikia mbao zikilia, watu watoke kwanza, mengine yazungumzwe nje.

Tulivyokaa kikao

Baada ya bibi kuumia, mjomba wa warithi aliitisha kikao uani. Kwa wenyeji wengi wa huku mjomba akiita, watu huja. Alituomba nasi tuwepo. Tulianza kwa kukiri kwamba tulipita kwenye ngazi ile bila kusema neno. Nadhani kukiri huko kulisaidia, maana baada yetu kila mmoja aliona si aibu kusema alikuwa akiiruka.

Kikao hakikuwa rahisi. Mpangaji mmoja alisimama akasema, "Mjomba, mimi nalipa kodi, tena nichangie bati?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Baada ya maneno mengi walikubaliana hivi: mwili wa nyumba, yaani paa, kuta, msingi, choo na waya, ni juu ya warithi wote watatu kwa sehemu sawa, hata yule wa Dar es Salaam. Matumizi ya kila siku, yaani usafi wa choo, taa za korido na uani, kuzibua mfereji, ni juu ya wote wanaokaa, wapangaji wakiwemo. Fundi atakapokuwa ndani ya chumba, mwenye chumba asimzuie.

Walichagua watu watatu: mrithi mmoja, mpangaji mmoja, na mama mmoja anayejua kuandika hesabu. Daftari hukaa kwa yule mama, fedha hukaa kwa mwingine, na kila mwisho wa mwezi daftari husomwa mbele ya watu. Waliozoea jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya kuweka na kukopa hawakuona ugeni. Kila chumba hutoa shilingi 5,000 kwa mwezi kwa matunzo ya kawaida. Kwa vyumba 6 ni shilingi 30,000, na kwa mwaka shilingi 360,000. Hazijengi nyumba, lakini zinaziba matundu mengi. Kijana mmoja alikosa fedha miezi mitatu. Badala ya kumsema, walimpa kazi ya kuchimba mfereji, nao wakaandika siku zake katika daftari kama fedha.

Kisha wakapanga nini kitangulie. Tuliwashauri mpango huu, nasi tunaurudia kwa wasomaji wote:

1. Kwanza kile kinachoweza kuua au kuvunja mtu: ukuta unaoinama, waya wazi, mfuniko wa shimo, ngazi.
2. Pili maji ya mvua: paa, gata, mfereji wa kuzunguka nyumba.
3. Tatu choo na maji machafu.
4. Nne hewa na mwanga: madirisha na wavu.
5. Tano sakafu.
6. Mwisho kabisa rangi.

Mara nyingi tunaanza na namba 6, kwa sababu rangi huonekana na wageni. Lakini rangi juu ya ukuta unaovuja ni kama poda juu ya kidonda.

Tusijitoe. Katika safu ya nyumba za watumishi tunakoishi baadhi yetu, mfuniko wa chemba ulivunjika, ukafunikwa kwa kipande cha bati na jiwe. Bati lile lilikaa karibu mwaka mzima. Kila muuguzi alidhani mwenzake wa zamu nyingine amekwisha kutoa taarifa. Tulikuwa tukifundisha akina mama usafi wa choo asubuhi, na jioni tukilipita jiwe letu. Tulipokuja kuulizana, hakuna aliyekuwa ametoa taarifa hata siku moja.

Kalenda ya nyumba

Huku kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Mvua za nje ya msimu nazo zipo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta upepo na mafuriko katika mikoa yetu ya kusini. Basi nyumba ifuate mwaka wake kama shamba linavyofuata.

Wakati wa mvua: zungukeni nyumba siku inaponyesha, mkiwa na chaki. Pale maji yanapotokea wekeni alama na tarehe. Mwezi wa Julai hakuna atakayekumbuka.

Mei na Juni: mvua ikikatika, kagueni nyumba yote pamoja, darini hadi chooni. Andikeni orodha.

Julai hadi Septemba: ndiyo miezi ya kazi. Udongo ni mkavu, mafundi wanapatikana, na plasta haitaoshwa na mvua. Inyweshwe maji siku kadhaa ili isipasuke kwa jua.

Oktoba na Novemba: safisheni gata na mifereji, fungeni bati zilizolegea, ondoeni vifuu, matairi na makopo uani. Mbu wa homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huzaliana katika maji ya vyombo vya namna hiyo.

Msimu wa korosho: fedha zinapoingia, sehemu ya nyumba itengwe mapema kabla ya sherehe. Bati, misumari na mbao zilizotiwa dawa vinaweza kununuliwa na kuhifadhiwa. Saruji isinunuliwe wakati huo, kwani unyevu wa mvua utaigandisha katika mfuko. Fedha yake iwekwe, inunuliwe wiki ya kazi.

Matunda yake

Mwaka wa kwanza nyumba ile ilitengeneza ngazi, mfuniko wa choo na upande mmoja wa paa. Upande wa pili bado unavuja kidogo, na mrithi wa Dar es Salaam ametuma nusu tu ya sehemu yake. Dirisha lililozibwa limefunguliwa. Mtoto yule bado hukohoa akipata mafua kama watoto wengine, lakini msimu wa mvua uliofuata alikuja hospitali mara moja tu, tena kwa chanjo ya mdogo wake.

Bibi alirudi nyumbani baada ya majuma mengi. Hutembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi barazani, na huko ndiko mwisho wake. Tulipomtembelea tulimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, wajukuu." Ngazi mpya ilikuwa nyuma ya nyumba, na bomba la kushikia limefungwa ukutani. Tulimuuliza kama ameiona. Alisema ameambiwa ni nzuri.

Wapenzi wasomaji, juma hili, kabla ya kununua chochote au kuita fundi, fanyeni jambo moja. Waiteni wote mnaokaa nao chini ya paa moja, wazee na watoto, mzunguke nyumba taratibu. Tazameni ni kitu gani nyote mmezoea kukiruka, kukikwepa au kukiwekea ndoo. Mkikipata, kipeni jina la mtu wa kukishughulikia na siku ya kuanza, mkaandike katika daftari kabla hamjatawanyika.